Zed: kihariri kipya chenye kasi kinapokutana na kompyuta za mitumba za Gahanga

Katika sekta ya Gahanga, wilayani Kicukiro, juu kidogo ya barabara iteremkayo kuelekea daraja la Nyabarongo na Nyamata, kijana mmoja jirani yangu alikaribia hivi karibuni kuitoa sehemu ya karo yake ya muhula ili anunue kompyuta nyingine. Kompyuta aliyo nayo haikuwa imeharibika. Kilichomsukuma ni programu isiyouzwa, ambayo wenzake chuoni walikuwa wakiisifu kwa wiki kadhaa, na ambayo kwenye mashine yake ilikataa kufungua hata dirisha moja.

Programu hiyo inaitwa Zed. Ni kihariri cha msimbo, yaani chombo anachokitumia mwandishi wa programu kuandika maagizo ya kompyuta. Kwa sura hakitofautiani sana na programu za kuandikia barua, ila chenyewe huielewa lugha inayoandikwa ndani yake: hupaka maneno rangi kulingana na kazi ya kila neno, humkumbusha mwandishi mabano aliyosahau kuyafunga, na humwonyesha kosa kabla programu haijaendeshwa. Mtu wa kazi hii hukaa mbele ya kihariri chake kutwa nzima, na ndiyo sababu mabishano juu ya kipi kilicho bora hupamba moto kama yale ya mashabiki wa Rayon Sports na APR.

Kazi yangu mimi ni kutafsiri habari kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili, wala si kuandika programu. Hata hivyo mafaili ya manukuu ya video na orodha za maneno ya tovuti hunipitia mikononi kila siku, nami huyafungua kwa vihariri hivi hivi. Kijana alinijia kwa sababu hiyo. “Kaka,” aliuliza, “niseme mashine yangu imezeeka, au programu yenyewe ndiyo yenye kasoro?” Makala haya ni jibu nililompa, nimelirefusha kidogo kwa ajili ya wasikilizaji wetu ambao wana watoto au wadogo zao katika fani hii, na ambao huenda wakaombwa fedha kwa sababu kama hiyo.

Zed ilitoka wapi

Ili kuifahamu Zed, ni sharti kuanza na kihariri kingine ambacho sasa hakipo. Mwaka 2014 kampuni ya GitHub ya Marekani ilitoa kihariri kilichoitwa Atom. Miongoni mwa waliokijenga walikuwamo Nathan Sobo, Max Brunsfeld na Antonio Scandurra. Atom ilijengwa kwa zana zilezile zinazotumika kutengeneza kurasa za intaneti, na msingi uliowekwa chini yake baadaye ukajitegemea kwa jina la Electron.

Electron inastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo kiini cha ugomvi wote huu. Kila programu iliyojengwa juu yake hubeba ndani yake kivinjari kizima cha intaneti, cha jamii ileile ya Chrome. Ni mfano wa mfanyabiashara aliyehitaji chumba kimoja cha duka akajengewa nyumba kamili yenye sebule, jiko na vyumba vitatu vya kulala. Faida yake ni kwamba programu ileile hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux bila kuandikwa upya, na mtu yeyote ajuaye kutengeneza tovuti anaweza kuirekebisha. Gharama yake ni uzito: kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, huliwa na vyumba ambavyo mwenye duka havihitaji.

Atom ilipendwa, na ilisemwa vibaya kwa uzito huo. Microsoft nayo ikauchukua msingi uleule wa Electron, ikajenga juu yake kihariri chake, Visual Studio Code, kilichotangazwa Aprili 2015 na ambacho msimbo wake ulifunguliwa kwa umma Novemba mwaka huohuo. Wahandisi wake waliubana uzito kwa ustadi mkubwa kuliko wenzao wa Atom, na watumiaji wakahama. Mwaka 2018 Microsoft ikainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, ikawa sasa mmiliki mmoja ana vihariri viwili vinavyoshindania watumiaji walewale. Haikuhitaji mpiga ramli kujua mwisho wake. Tarehe 15 Desemba 2022 Atom ilifungwa rasmi.

Watu watatu niliowataja walikuwa wamekwisha kuondoka na kuanza upya. Zed waliiandika kwa Rust, lugha ya programu inayosifika kwa kasi na kwa kuzuia makosa ya matumizi ya kumbukumbu, na safari hii hawakubeba kivinjari. Badala yake Zed huchora herufi zake moja kwa moja kwa kutumia kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha, kama ifanyavyo michezo ya video. Lengo lao ni kuchora skrini mara 120 kwa sekunde, maana yake kila mchoro una takriban milisekunde 8 tu za kukamilika. Januari 2024 msimbo wa Zed ulifunguliwa kwa umma, wakati huo ukiwa kwa watumiaji wa Mac pekee. Toleo la Linux lilifuata Julai 2024, na la Windows Oktoba 2025. Kwa kuwa wanafunzi wengi ninaowafahamu hapa Kigali wanatumia Windows, ndiyo maana jina hili limeanza kutajwatajwa sana vyuoni katika siku za karibuni tu.

Kasi ya nani?

Nilianza kwa kuijaribu Zed kwenye kompyuta ya kazini, ambayo si ya zamani sana. Sifa zake si za bure. Hufunguka papo hapo. Unapobonyeza herufi, herufi hutokea bila ule mkawio mdogo ambao mtu hauoni mpaka siku unapoondoka. Nilifungua faili kubwa la manukuu lenye maelfu ya mistari, nikalipitia kutoka juu hadi chini, nikatafuta neno moja katika folda nzima, na sikungoja popote. Kazi ileile kwenye Visual Studio Code ilikamilika vizuri, ila kulikuwa na vituo vifupi vya hapa na pale.

Kisha nikaenda kwa jirani. Kompyuta yake ni laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, na ameiwekea Linux kwa sababu Windows ilikuwa ikiilemea. Alibonyeza alama ya Zed, hapakutokea kitu. Tulipoiita kupitia dirisha la amri, jibu likaja kwamba haikupatikana kadi ya grafiki inayofaa.

Maelezo yake ni haya. Toleo tulilolijaribu la Linux liliwasiliana na kadi ya grafiki kupitia mfumo uitwao Vulkan. Kadi nyingi zilizojengewa ndani ya prosesa za Intel kabla ya mwaka 2015 hivi hazina Vulkan kamili, na hizo ndizo zilizomo katika sehemu kubwa ya laptopu za mitumba zinazouzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Ipo njia ya kuilazimisha prosesa ya kawaida ifanye kazi ya kadi ya grafiki, na Zed yenyewe hukuonya unapoifuata. Tuliifuata. Programu iliyosifiwa kwa wepesi ikawa nzito kupita Visual Studio Code, mshale ukijikokota nyuma ya kidole. Kwenye Windows sharti ni DirectX 11, ambalo kompyuta nyingi zaidi hulitimiza, ingawa kadi dhaifu hubaki kuwa kadi dhaifu.

Hapa ndipo penye kinaya. Electron, ile nyumba kubwa inayolaumiwa, ina adabu moja ambayo Zed haina: kadi ya grafiki inaposhindwa, unaweza kuizima kwa agizo moja, na Visual Studio Code huendelea na kazi kwa kutumia prosesa peke yake, polepole lakini bila kugoma. Walioijenga Zed walipunguza matumizi ya RAM, wakaipandisha daraja kadi ya grafiki. Kwa anayenunua kompyuta mpya hiyo ni biashara nzuri. Kwa anayenunua mtumba, ambaye gigabaiti 4 za RAM anaweza kuziongeza kwa fundi lakini kadi ya grafiki ya laptopu hawezi kuibadilisha, hesabu inageuka.

Kuna jambo la pili ambalo wasifiaji wa kasi hulipita haraka. Ile akili ya kihariri, inayokuonyesha makosa na kukukamilishia maneno, kwa kawaida haimo ndani ya kihariri. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza utaratibu wa mawasiliano unaokiwezesha kihariri chochote kuzungumza na programu nyingine ya pembeni, iitwayo seva ya lugha, ambayo ndiyo inayoichambua lugha inayoandikwa. Leo Zed, Neovim, Sublime Text na Visual Studio Code zote hutumia utaratibu huo, na mara nyingi hutumia seva zilezile. Seva ya lugha kama Java au TypeScript inaweza kula RAM nyingi kuliko kihariri chenyewe. Mwanafunzi anayehama kihariri akitarajia kompyuta yake ipumue huenda akakuta amebadilisha dereva huku mzigo ukiwa uleule. Nilipomzimia jirani yangu seva mbili za lugha ambazo hazitumii, na viongezi saba alivyovipachika kwa kufuata video za mafunzo, Visual Studio Code yake iliamka kama mtu aliyetuliwa gunia.

Wapinzani wake

Visual Studio Code ndiyo mpinzani mkuu, tena kwa mbali. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 wa tovuti ya Stack Overflow, ambayo waandishi wa programu wa dunia nzima huulizana maswali yao, karibu robo tatu ya waliojibu walisema wanaitumia. Nguvu yake imo katika viongezi, zile programu ndogondogo zinazopachikwa ili kukiongezea kihariri uwezo. Visual Studio Code ina makumi ya maelfu, Zed ina mamia. Kwa mwandishi wa kurasa za intaneti mamia hayo yanatosha. Kwa anayetengeneza programu za simu kwa Flutter, viongezi rasmi vimetengenezwa kwa Visual Studio Code na kwa jamii ya IntelliJ na Android Studio. Kwa mwanafunzi wa takwimu anayezoea daftari za Jupyter, Visual Studio Code ingali imetangulia. Zed ilipata zana ya kufuatilia makosa ya programu inapoendeshwa katikati ya mwaka 2025 tu, jambo ambalo wapinzani wake wamekuwa nalo kwa miaka mingi.

Lipo pia suala la darasani ambalo halimo katika majedwali ya kulinganisha. Mwalimu anapoonyesha hatua ukutani, anaonyesha kihariri kimoja, na mara nyingi ni hicho cha Microsoft. Mwanafunzi mwenye kihariri tofauti hutafsiri kila hatua kichwani mwake. Mimi ni mfasiri. Najua kazi hiyo inavyochosha.

Sublime Text, iliyoanzishwa na Jon Skinner mwaka 2008, ni nyepesi kwelikweli na hufanya vizuri kwenye mashine za zamani. Lakini inauzwa, leseni ya mtu binafsi ikiwa dola 99, na msimbo wake umefungwa. Unaruhusiwa kuijaribu bila ukomo wa siku, ikikukumbusha mara kwa mara kwamba hujalipa. Vihariri vya kampuni ya JetBrains vina uwezo mkubwa na njaa kubwa. Kwenye gigabaiti 4 sivipendekezi kabisa.

Anayebaki ni mzee wao, Vim, na huyu ana undugu na ukanda wetu ambao wengi hawaujui. Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Mwaka 1994 Moolenaar alikaa Kibaale, katika wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akijitolea katika kituo cha watoto na katika miradi ya maji na usafi. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi katika eneo hilo. Aliporudi Ulaya hakuweka bei kwenye programu yake, aliweka ombi. Kwa miaka mingi kila aliyefungua Vim bila faili, awe Tokyo au California, ameona mstari unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Michango ilipitia shirika la ICCF Holland, na kwa upande wa Canada wapo wahisani wa kituo hicho waliojiita kwa neno la Kiswahili safi, Kuwasha. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na wenzake wanaendelea kuitunza programu hiyo.

Vim haihitaji kadi ya grafiki wala hata dirisha. Huendeshwa ndani ya dirisha la amri, na kwenye seva nyingi za Linux utaikuta imekwisha kuwekwa. Mtoto wake Neovim, aliyezaliwa mwaka 2014, hutumia seva za lugha kama vijana wenzake. Ugumu wake ni kujifunza. Anayeifungua mara ya kwanza hushindwa hata kutoka, na mzaha juu ya jambo hilo ni wa miaka mingi.

Uhuria una viwango

Neno “chanzo huria” hutumika kwa vyote viwili, Zed na Visual Studio Code, lakini halibebi uzito uleule. Msimbo wa Zed umetolewa chini ya leseni ya GPL: unaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, mradi unaousambaza nao ubaki wazi kwa masharti hayohayo. Kwa Visual Studio Code, msimbo uko wazi chini ya leseni ya MIT, lakini faili unalolipakua kutoka Microsoft limefungwa chini ya leseni nyingine ya kampuni, na soko lake la viongezi haliruhusiwi kutumiwa na bidhaa za wengine. Baadhi ya viongezi mashuhuri vya Microsoft, kama kile cha Python kiitwacho Pylance, havina msimbo wa wazi. Wasiotaka hayo hutumia VSCodium, msimbo uleule uliokusanywa na watu wa kujitolea pasipo vipimo vinavyotumwa kwa kampuni, wakiridhika na soko dogo la viongezi. Zed nayo hukusanya taarifa za matumizi, na inakubali kuzimwa.

Je, hili lina faida gani kwa mtu wa Gahanga? Kisa cha Atom kinajibu. Mmiliki alipoifunga, msimbo haukufa. Watumiaji wake waliuendeleza kwa jina la Pulsar, na upo hadi leo. Zed ni mali ya kampuni inayotegemea wawekezaji, na Agosti 2025 ilitangaza kupata dola milioni 32 zikiongozwa na Sequoia. Wawekezaji hutaka faida. Kampuni inatarajia kuipata kwa kuuza huduma za akili bandia na za timu kufanya kazi pamoja, wakati kihariri chenyewe kinabaki bure. Wakishindwa au wakiuza, leseni ya GPL inabaki.

Huduma hizo za akili bandia kwa kawaida huitaka intaneti wakati wote na huupeleka msimbo wako kwenye seva za mbali. Kwa anayenunua bando la siku, hilo ni la kuhesabu. Zed ina mpangilio mmoja unaozizima zote, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningemshauri auwashe. Zed pia hutoa toleo jipya karibu kila wiki. Usasishaji wa kujiendesha nao unaweza kuzimwa ili usile bando kimyakimya.

Kuhusu lugha, habari si njema kwa yeyote kati yetu. Menyu za Zed ni za Kiingereza. Visual Studio Code ina vifurushi rasmi vya lugha kadhaa, Kifaransa kikiwemo, lakini Kiswahili hakimo, licha ya kuwa hapa Rwanda ni lugha rasmi tangu mwaka 2017. Kwa kuwa msimbo wa Zed uko wazi, anayetaka kuanzisha kazi hiyo hahitaji kupiga hodi kwa mtu. Nakiri nimeshawishika, ingawa maneno ya kwanza tu, “kumbukumbu” na “historia”, yangetukalisha kikao kizima.

Basi nilimwambiaje jirani? Kwa mwenye kompyuta ya miaka ya karibuni, anayeandika Rust, Go, TypeScript au Python ya kawaida, Zed ni chaguo zuri na ningeiweka leo, bila kuifuta Visual Studio Code. Hata mpangilio wa vitufe vyake hufuata ule wa Visual Studio Code, kwa hiyo vidole havipotei. Kabla ya kuipakua kwenye Linux, agizo la “vulkaninfo” litakuonyesha kama kadi yako inafaa, na litakuokolea bando. Kwa mwenye laptopu ya mtumba ya zamani, aibaki na Visual Studio Code iliyopunguzwa viongezi, na jioni ajifunze Neovim kidogo kidogo. Fedha zikipatikana, RAM ya pili ije kabla ya kompyuta ya pili.

Karo ililipwa yote. Juzi nilimkuta ameketi nje ya uwanja wa kriketi wa Gahanga akimsubiri mwenzake, laptopu mapajani, skrini ikiwa nyeusi yenye maandishi meupe. Alikuwa ndani ya Neovim kwa karibu robo saa, akasema, na amesahau namna ya kutoka.